Mafuta, mchele na bunduki: Haiti ilivyofika ilipofika

Tarehe 25 Juni 2024 ndege iliyobeba askari polisi wa kwanza wa Kenya ilitua Port-au-Prince. Siku hiyohiyo jijini Nairobi vijana waliokuwa wakipinga Muswada wa Fedha waliingia ndani ya majengo ya Bunge. Habari ya Haiti ikatufikia ikiwa imefunikwa na moshi wa nyumbani, na mjadala wake huku Afrika Mashariki haujatoka kwenye maswali mawili: askari wetu wamefuata nini kule, na nani analipa. Ni maswali ya haki. Tatizo ni kwamba Haiti yenyewe inabaki kuwa nchi ya magenge basi, kana kwamba watu wake waliamka siku moja wakaokota bunduki.

Orodha ya majanga ya nchi ile ni ndefu kiasi cha kumchosha msomaji: rais aliyeuawa, matetemeko mawili, kipindupindu, njaa, bunge lisilokuwepo. Ukiyasoma yakiwa yamepangwa hivyo hupati kitu. Mimi naona ni afadhali kutazama kwa karibu majuma machache ya mwaka 2022, kwa sababu ndani yake uchumi, siasa, silaha na maradhi vinaonekana waziwazi vikisukumana.

Bohari la Varreux

Septemba 2022 Haiti ilikuwa chini ya Waziri Mkuu Ariel Henry, mtu ambaye hakuna Mhaiti aliyempigia kura. Rais Jovenel Moïse alikuwa ameuawa nyumbani kwake usiku wa kuamkia 7 Julai 2021, na miongoni mwa waliokamatwa walikuwa wanajeshi wastaafu wa Kolombia. Henry aliteuliwa na Moïse siku mbili kabla ya mauaji. Hata kuapishwa alikuwa bado. Serikali yake ilikuwa ikimwaga fedha kushikilia bei ya mafuta, na fedha zenyewe hazikuwepo. Akatangaza kupunguza ruzuku. Galoni ya petroli ikatoka gourde (sarafu ya Haiti) 250 hadi 570, dizeli ikatoka 353 hadi 670.

Katika nchi ambayo umeme wa gridi ni wa kubahatisha, dizeli ina kazi nyingi kuliko kuendesha magari. Jenereta ya hospitali inaitegemea, pampu ya maji inaitegemea, mnara wa simu pia. Watu wakaingia barabarani. Katikati ya vurugu hizo muungano wa magenge ulioitwa G9, ukiongozwa na polisi wa zamani Jimmy Chérizier anayejulikana zaidi kwa jina la Barbecue, ukaziba njia zinazoelekea bohari la mafuta la Varreux pale Port-au-Prince. Sehemu kubwa ya mafuta ya nchi nzima huhifadhiwa hapo. Walichimba mitaro, wakaburuta makontena barabarani, wakatoa sharti: Henry ajiuzulu.

Kufuli hilo lilidumu karibu miezi miwili. Malori ya mafuta yalisimama, hospitali zikapunguza huduma, nyingine zikafunga milango. Kampuni za maji ya kunywa zikaishiwa dizeli ya kuzalishia na kusambazia. Hapo ndipo, tarehe 2 Oktoba, serikali ikatangaza kwamba kipindupindu kimerudi, baada ya zaidi ya miaka mitatu bila mgonjwa hata mmoja aliyethibitishwa. Ugonjwa unaotibika kwa maji safi, chumvi na sukari ulikuwa umeingia wakati maji safi hayapatikani, na gari la wagonjwa halina mafuta ya kumfuata mtu. Siku tano baadaye Henry na mawaziri wake wakaomba jeshi la kigeni. Katikati ya mwezi mashirika ya Umoja wa Mataifa yakaeleza kuwa watu milioni 4.7 wana njaa kali, na kwamba 19,000 wa mtaa wa Cité Soleil wamefika daraja la juu kabisa la kipimo cha njaa, jambo ambalo halijawahi kurekodiwa Haiti kabla ya hapo.

Sasa tulinganishe. Wiki hiyohiyo ya katikati ya Septemba, serikali mpya ya Kenya nayo iliondoa ruzuku ya petroli, na bei ya Nairobi ikafika shilingi 179 na ushee kwa lita. Wakenya walilalama sana, nauli zikapanda, siku zikaenda. Ongezeko la Haiti lilikuwa kubwa zaidi, hilo ni kweli. Lakini kubwa kuliko ongezeko ni kwamba hakuna mtu Mombasa mwenye uwezo wa kuufunga mlango wa mafuta wa Kipevu kwa majuma manane huku dola ikitazama. Uamuzi wa uchumi ni uleule. Nchi iliyoupokea siyo ileile. Kwa hiyo yabaki maswali mawili ya kufuatilia: kwa nini hazina ilikuwa tupu, na kwa nini polisi wa zamani aliweza kuifunga nchi.

Hazina ilitobolewa lini?

Wapo wanaoanzia 1825, na sioni jinsi ya kuwabishia. Haiti ilijikomboa 1804, watumwa wakiwa wamelishinda jeshi la Ufaransa. Miaka 21 baadaye mfalme Charles wa Kumi akatuma manowari na hati: uhuru wenu tutautambua mkilipa faranga milioni 150 kuwafidia mabwana waliopoteza mashamba, na watu waliokuwa mali yao. Kiasi hicho kilipunguzwa hadi milioni 90 mwaka 1838, lakini Haiti ilikuwa imekwisha kukopa kwenye benki za Ufaransa ili ilipe awamu ya kwanza, na mikopo iliyozaliwa na deni hilo haikuisha mpaka 1947. Kahawa ya wakulima ndiyo iliyokuwa ikilipa. Barabara, shule na mahakama ambazo mataifa mengine yalijenga katika karne hiyo, Haiti haikuwa na cha kujengea. Aprili 2025, miaka 200 kamili baada ya hati ile, Rais Emmanuel Macron alitangaza tume ya pamoja ya wanahistoria kulichunguza suala hilo. Tume, siyo malipo.

Lakini 1825 haiwezi kubeba lawama yote, na Wahaiti wenyewe ndio wa kwanza kulisema hilo. Fungua faili la PetroCaribe. Kuanzia 2008 Venezuela iliipa Haiti mafuta kwa masharti mepesi: lipa sehemu sasa, iliyobaki ilipwe kwa miaka 25 kwa riba ndogo. Serikali iliyauza mafuta hayo nchini, ikapata fedha taslimu, na tofauti ilitakiwa iende kwenye maendeleo. Karibu dola bilioni mbili zilipita katika mfuko huo. Mwaka 2018 vijana waliingia mitaani na mitandaoni wakiuliza pesa za PetroCaribe ziko wapi. Ripoti ya wakaguzi wa hesabu za serikali ya 2019 ilikuta miradi iliyolipwa na haionekani, ikaitaja hata kampuni aliyokuwa akiiongoza Moïse kabla ya kuwa rais. Mwenyewe alikanusha kufanya kosa lolote.

Venezuela nayo ikaporomoka, mafuta nafuu yakakoma. Haiti ikarudi kununua kwa bei ya soko, ikiwa na deni mkononi na bila barabara wala viwanda ambavyo fedha zile zilitakiwa zivijenge. Jaribio la kwanza la kupandisha bei, Julai 2018, kufuatia makubaliano na Shirika la Fedha la Kimataifa, lilichoma mitaa na kumng'oa waziri mkuu wa wakati huo. Henry alijua hayo yote alipothubutu tena 2022. Alikosa njia nyingine, au pengine hakuwa na mpiga kura wa kumwogopa. Naegemea hili la pili.

Nani aliwapa bunduki?

François Duvalier, aliyeshika madaraka 1957, hakuliamini jeshi lake. Akaunda kikosi chake cha wanamgambo, Tontons Macoutes, wasiolipwa mshahara wa maana na walioachiwa wajitafutie riziki kwa kuwabana raia. Mwanawe Jean-Claude aliendeleza utawala huo mpaka alipokimbia 1986. Familia ikaondoka, mtindo ukabaki: mwanasiasa wa Port-au-Prince anayetaka kura za mtaa fulani, au anayetaka mtaa fulani usiandamane, anamtafuta kijana mwenye silaha. Wafanyabiashara wakubwa nao wakajifunza, kwa kuwa bohari linahitaji ulinzi na mshindani anahitaji kutishwa. Jeshi lilivunjwa na Rais Jean-Bertrand Aristide mwaka 1995, polisi wapya wakawa wachache, na nafasi iliyobaki wakaijaza vijana hao.

Novemba 2018, miezi michache baada ya maandamano ya PetroCaribe kushika moto, watu 71 waliuawa katika mtaa wa La Saline, mtaa uliokuwa na wapinzani wengi wa serikali. Marekani baadaye ilimwekea vikwazo Chérizier kwa mauaji hayo, pamoja na maofisa wawili waliokuwa katika serikali ya Moïse. Agosti 2024 ilimwekea vikwazo pia rais wa zamani Michel Martelly, ikimtuhumu kwa biashara ya dawa za kulevya na kufadhili magenge. Kanada ilikuwa imeshamwekea vyake 2022.

Kilichobadilika baada ya 2021 ni nani anamtegemea nani. Rais aliuawa, bunge lilikuwa limekwisha muda wake, na Januari 2023 maseneta kumi wa mwisho waliochaguliwa nao wakamaliza. Tangu hapo nchi nzima haina hata kiongozi mmoja wa kitaifa aliyetokana na kura. Bosi akikosekana, kijana wa kazi anajiajiri. Magenge yakagundua kwamba utekaji wa watu kwa ajili ya pesa, ushuru wa barabarani na makontena ya bandarini vinalipa kuliko bahasha ya mwanasiasa. Wakawa na bunduki za kivita ambazo polisi hawana. Na tukumbuke kwamba Haiti haina kiwanda cha bunduki. Silaha nyingi hununuliwa madukani Marekani, hasa jimbo la Florida, zikafichwa ndani ya shehena za nguo na vyakula. Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa lilianzisha vikwazo vya silaha mwaka 2022, na bunduki zimeendelea kuingia.

Safari ya gunia la mchele

Wali na maharage ndicho chakula cha Haiti, na sehemu kubwa ya mchele unaoliwa inatoka Marekani. Haikuwa hivyo zamani. Bonde la Artibonite, kaskazini mwa mji mkuu, lina mto na mifereji, na mpaka miaka ya 1980 wakulima wake waliilisha nchi karibu yote. Baada ya Duvalier kuondoka, ushuru wa forodha ulianza kushushwa kwa ushauri wa wakopeshaji. Mwaka 1995 ushuru wa mchele ulishuka hadi asilimia 3, kutoka 50. Mchele wa Marekani, ambao wakulima wake hulipwa ruzuku na serikali yao, ukamwagika sokoni; Wahaiti wakauita mchele wa Miami. Mwaka 2010 Bill Clinton, ambaye sera hiyo ilipita akiwa rais, aliwaambia maseneta wa Marekani kwamba huenda iliwafaa wakulima wa jimbo lake la Arkansas, lakini Haiti iliiumiza, na kwamba lilikuwa kosa ambalo anaishi nalo. Msamaha aliuomba, ushuru haukurudi ulikokuwa.

Wakulima waliokata tamaa waliuza au waliacha mashamba, wakahamia Port-au-Prince, wakajenga kwenye vilima na kwenye matope ya ufukweni. Cité Soleil na mitaa mingine kama hiyo ikajaa. Tetemeko la 12 Januari 2010 lilipopiga, ndio walioangukiwa kwa wingi. Watoto na wajukuu wao ndio leo wanaochukuliwa na magenge: UNICEF inakadiria kuwa kati ya theluthi na nusu ya wanachama wa makundi hayo ni watoto. Ukisikia mtu akisema suala la usalama litatuliwe kwanza na mambo ya uchumi yatafuata, mwulize huyo mtoto wa bunduki alitokea wapi.

Gunia sasa limeshuka melini. Kwanza lazima bandari iwe wazi, na mwaka 2024 ilivamiwa, makontena yakaporwa. Likitoka, lipite mjini, ambako makadirio ya Umoja wa Mataifa yanasema takriban asilimia 85 hadi 90 iko mikononi mwa magenge. Kama linakwenda kusini linapita Martissant, kipande kifupi cha barabara kilichokatwa na mapigano tangu Juni 2021. Hapo dereva analipa, na huenda mbele akalipa tena. Wanawake wachuuzi wanaoitwa Madan Sara, ambao ndio hasa wanaobeba biashara ya chakula kati ya mashamba, bandari na masoko, wanalipa kwa pesa, na mara nyingine kwa miili yao. Kila kizuizi kinaongeza bei. Mama wa Les Cayes, mji wa kusini, anayenunua mchele kwa kopo anakuwa amelipa kodi kwa watu watatu au wanne, na hakuna hata mmoja kati yao atakayemjengea zahanati.

Na Artibonite je, si ingeokoa? Tarehe 3 Oktoba 2024 genge la Gran Grif liliingia Pont-Sondé, katikati ya bonde hilo la mpunga, likaua zaidi ya watu 70, wakiwemo watoto wachanga. Kosa la wakazi lilikuwa kwamba kikundi chao cha kujilinda kilikuwa kikiwazuia madereva wasilipe ushuru wa genge barabarani. Kwa hiyo hata mchele wa nyumbani sasa una mwenye barabara. Kufikia 2025 waliokuwa na njaa kali walikuwa wamefika milioni 5.7, karibu nusu ya watu wote.

Nairobi inaingiaje

Wageni wenye sare wana historia mbaya kule. Marekani iliikalia Haiti kutoka 1915 hadi 1934. Kikosi cha Umoja wa Mataifa kilichofika 2004 kilileta kipindupindu Oktoba 2010, kinyesi kutoka kambi ya walinda amani wa Nepal kikiingia kwenye kijito kinachomwaga maji katika mto Artibonite. Karibu watu 10,000 walikufa. Umoja wa Mataifa ulikaa miaka sita kabla Katibu Mkuu Ban Ki-moon hajaomba radhi, Desemba 2016. Ndiyo maana Henry alipoomba jeshi, Wahaiti wengi waliona anaomba walinzi wa kiti chake.

Kenya ilijitolea kuongoza 2023, na Baraza la Usalama likaridhia Oktoba mwaka huo. Januari 2024 Mahakama Kuu jijini Nairobi ikasema hapana, mpaka pawe na mkataba wa pande mbili kama sheria ya polisi inavyotaka. Henry akafunga safari kuja kuusaini, 1 Machi. Akiwa huku, magenge yaliyokuwa yakipigana yenyewe kwa yenyewe yaliungana kwa jina la Viv Ansanm, yakavunja gereza kuu na kutoa maelfu ya wafungwa, yakaushambulia uwanja wa ndege. Jamhuri ya Dominika, nchi jirani, ikakataa ndege yake isitue. Aliishia Puerto Rico, na kabla ya Machi kufika nusu akawa ametangaza atajiuzulu. Waziri mkuu alikuja Nairobi kutafuta askari wa kumrudishia nchi, akapoteza hata njia ya kurudia.

Kikosi kilichoidhinishwa kilikuwa cha watu 2,500. Mwaka mmoja baadaye kilikuwa na takriban 1,000, wengi wao Wakenya, wakitegemea michango ya hiari, na magari ya deraya yaliyokuwa yakiharibika njiani. Niseme wazi: sioni kwamba askari wale walishindwa kazi. Waliweza kufungua barabara asubuhi. Kuilinda usiku kulihitaji watu ambao dunia haikutuma, na mahakama, na gereza lenye kuta. Septemba 2025 Baraza la Usalama likaamua kukibadili kiwe kikosi cha kupambana na magenge chenye hadi watu 5,550.

Katikati ya hayo watu wanahama. Kufikia Juni 2025 milioni 1.3 walikuwa wamekimbia makazi yao ndani ya nchi. Jamhuri ya Dominika iliwarudisha karibu laki mbili mwaka 2024 peke yake, wakishushwa mpakani katika nchi isiyoweza kuwapokea. Kinachozuia hali isiwe mbaya zaidi ni pesa za ndugu walioko Miami, Montreal na Santiago, ambazo hufikia takriban sehemu moja ya tano ya pato la taifa. Na hao ndugu nao wanafukuzwa.

Mwaka 2025 serikali ya Waziri Mkuu Alix Didier Fils-Aimé iligeukia droni zenye mabomu kwa msaada wa wakandarasi wa kigeni. Septemba mwaka huo shambulio moja Cité Soleil liliua watoto wasiopungua wanane. Walikuwa wamekusanyika mahali ambapo kiongozi wa genge alikuwa akijiandaa kugawa zawadi siku yake ya kuzaliwa. Genge ndilo linalogawa zawadi, serikali ndiyo inayotuma bomu. Mkazi wa mtaa ule atamwelewaje ofisa wa kuandikisha wapiga kura akija kugonga mlango?

Maana uchaguzi nao umepangwa. Haiti haijamchagua rais tangu 2016, na kalenda iliyotolewa mwishoni mwa 2025 iliweka duru ya kwanza 30 Agosti 2026. Vituo vya kupigia kura huwa ni shule, na shule nyingi za Port-au-Prince zinalaza wakimbizi. Ningekuwa mwangalizi kule, nisingehangaika sana kuhesabu askari waliowasili wala vyama vilivyosajiliwa. Ningeangalia kama lori la mchele linaweza kutoka bandarini hadi Les Cayes dereva akiwa na risiti moja tu mfukoni, ya forodha.